Tumekulia kwenye joto, mbona la Uingereza linatushinda?

"Daktari, salaam. Ninaishi London na mama yangu mwenye miaka 73 na mwanangu wa miezi minane ambaye bado namnyonyesha. Tumepanga fleti ya juu kabisa, chini ya paa. Madirisha ya sebuleni na ya chumba cha mama yanaangalia magharibi na hayafunguki zaidi ya upana wa kiganja. Mama ana presha, anatumia dawa mbili, na moja ni ile ya kumfanya akojoe sana. Wiki ya joto kali iliyopita kipimajoto cha chumbani kwake kilisoma 31 saa nne usiku, na nje kulishaanza kupoa. Kichwa kilimuuma siku mbili, chakula hakitaki, na maji ya baridi hataki hata kuyagusa kwa kuogopa nimonia. Nikimsihi anywe maji ananijibu: 'Mimi nimekulia Mombasa, joto la Wazungu litanifanya nini?' Nilifungua madirisha kutwa nzima na feni nikawasha, lakini sikuona nafuu. Ninunue kiyoyozi cha kubebeka? Na nitajuaje kama hali imefika pabaya?"

Dada yangu, katika yote uliyoandika, lililonishtua ni lile la saa nne usiku: ndani 31, nje kumepoa. Hali ya hewa ilishaanza kuwaachia, nyumba ndiyo iliyowashikilia. Kwa hiyo nitaizungumza nyumba kwa urefu, maana ndiyo inayomuumiza mama kuliko jua lenyewe. Lakini kwanza nianze na mama, kwa heshima zake zote, kwa sababu neno lake nalisikia kwa wazee wengi waliohamia huku, na ni neno linaloweza kumgharimu.

Mombasa ya mwezi Machi, mwezi wake wa joto kubwa, kwa kawaida hucheza kwenye nyuzi 32 au 33 mchana. Tarehe 19 Julai 2022 uwanja wa ndege wa Heathrow ulipima 40.2, na kijiji cha Coningsby, Lincolnshire, kikafika 40.3. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Uingereza kuvuka 40 tangu vipimo vianze kuwekwa. Kwa hiyo hilo joto la Wazungu, likija kwa nguvu zake zote, linazidi lile alilokulia. Mwambie hivyo hivyo, kwa upole.

Jambo la pili ni kwamba mazoea ya joto hayakai mwilini kama lugha ya mama. Mtu akiishi kwenye joto kwa wiki moja au mbili, mwili wake hubadilika kweli: jasho huanza kutoka mapema, hutoka kwa wingi na likiwa na chumvi kidogo, maji ya damu huongezeka, na moyo hauhangaiki sana. Akiondoka kwenda kwenye baridi, ndani ya wiki chache mabadiliko hayo huyeyuka. Mtu aliyepita vipupwe kadhaa vya London anaingia Julai na mwili wa mtu wa London. Kinachobaki ni kumbukumbu, na kumbukumbu hiyo humpa ujasiri ambao mwili hauna tena wa kuulipia.

Halafu kuna umri. Ukizeeka, tezi za jasho huchoka na kiu huchelewa kukuambia ukweli. Mzee anaweza kuwa amepungukiwa maji kabisa na bado akasema hana kiu, na hasemi uongo, kiu kweli haisikii. Watu hudhani joto huua kwa kumwangusha mtu barabarani juani. Wapo wanaokufa hivyo, lakini wengi zaidi huuawa kupitia moyo. Ili kupoza mwili, moyo husukuma damu nyingi kwenda kwenye ngozi, saa baada ya saa, huku maji ya damu yakipungua kwa jasho. Moyo wa kijana hustahimili. Moyo wa mtu mwenye presha unafanya kazi ya kupanda ngazi kutwa nzima ilhali mwenyewe ameketi kwenye kochi. Ikifika usiku chumba nacho hakijapoa, ule muda wa kupumzika haupo, na kesho yake kazi inaanza upya. Ndiyo maana siku ya tatu ya joto huwa mbaya kuliko ya kwanza, hata kipimo cha nje kikiwa kile kile.

Katika majira ya joto ya 2022, England ilihesabu karibu vifo 3,000 zaidi ya kawaida katika vipindi vitano vya joto, na wengi mno walikuwa wazee. Mwaka mmoja kabla, jimbo la British Columbia nchini Kanada, sehemu nyingine iliyozoea hali ya hewa ya wastani, lilipoteza watu 619 kwa joto, na asilimia 98 kati yao walipatwa na madhara wakiwa ndani ya majengo. Sikutajii haya nikutie hofu. Nataka uone kwamba mama kukaa ndani kivulini siyo kinga yenyewe, kama huo ndani umegeuka tanuri.

Sasa nyumba. Nyumba za huku zilijengwa kupigana na baridi: matofali mazito, vioo vikubwa vya kukaribisha jua, hakuna vibaraza wala paa lililotokeza kufunika dirisha. Kule pwani jua la mchana linakaa utosini, linapiga paa, dirisha linabaki kivulini, na ikifika saa kumi na mbili na nusu jioni limeshazama. London mwezi wa Julai jua linazama saa tatu usiku au na dakika zake, na kabla ya kuzama linatambaa chini chini upande wa magharibi kwa saa nyingi, likiingia moja kwa moja kwenye dirisha kama lako. Dirisha la mita mbili za mraba likipigwa na jua hilo huingiza joto linalokaribia la hita ndogo ya umeme. Fikiria umewasha hita chumbani kwa mama tangu saa tisa alasiri mpaka saa mbili usiku, mwezi wa Julai. Ndivyo ilivyo, ila hita hiyo haionekani.

Siku nyingine ya joto, weka kiganja chako kwenye ukuta wa ndani wa chumba cha mama saa nne usiku, kisha kwenye dari. Utausikia uvuguvugu. Matofali yalikunywa joto kutwa, sasa yanalitema polepole, na yataendelea kulitema mpaka alfajiri. Hiyo 31 yako ilitoka humo.

Kwa hiyo kufungua madirisha kutwa nzima, ingawa ndicho kila mtu anachofanya, kulikuwa kunakuongezea mzigo. Hewa ya nje ikiwa na joto kuliko ya ndani, dirisha lililo wazi ni mlango wa joto. Nunua vipimajoto viwili vya bei ndogo, kimoja kiwe chumbani kwa mama na kingine nje upande wa kivuli, na uvitii hivyo badala ya mazoea. Nje kukizidi ndani, funga madirisha na mapazia. Nje kukishuka chini ya ndani, fungua yote. Mara nyingi hiyo huwa ni kuanzia saa tatu au nne usiku mpaka saa moja au mbili asubuhi, na saa zile za alfajiri ndizo dhahabu yako, kwa sababu ndipo kuta zinapopoa. Kama una dirisha upande wa pili wa fleti, lifungue nalo pamoja na milango ya ndani ili hewa ipite. Feni usiku iweke karibu na dirisha ikitazama nje, isukume hewa ya moto itoke, na ya baridi itajiingiza yenyewe kupitia upande mwingine. Mlango wa kuingilia fleti usiuache wazi kuelekea kwenye ngazi, huo ni wa kuzuia moto. Na kile kizuizi kinachofanya dirisha lisifunguke zaidi ya kiganja usikitoe, dada yangu, hata joto likuudhi vipi: mtoto wa miezi minane anatambaa leo, kesho anapanda viti, na mko juu kabisa.

Kuhusu kuzuia jua, sheria ni moja: lizuie kabla halijapita kioo. Kivuli cha nje kinashinda pazia la ndani kwa mbali sana, kwa sababu mwanga ukishapita kioo umeshageuka joto ndani ya chumba. Mtu wa chini angetundika shuka jeupe nje ya dirisha na mambo yakaisha. Wewe uko juu, usijaribu kuinama nje. Mwombe mwenye nyumba aweke karatasi ya kuakisi jua upande wa nje wa kioo, au kivuli cha nje. Wakati ukisubiri, weka ndani pazia zito lenye upande mweupe au wa kung'aa unaotazama kioo, na ulishushe kabla jua halijaanza kugeukia magharibi. Ukisubiri mpaka chumba kiwe cha moto, umechelewa.

Mkifanya haya yote mnaweza kukishusha chumba hicho kwa nyuzi kadhaa. Hakitakuwa cha baridi, na sitaki nikuahidi hivyo. Siku zile mbaya kabisa itabidi mpoze mwili badala ya chumba, na hapo ndipo ningeweka nguvu zangu nyingi kwa mama.

Feni haipozi hewa. Ukiiwasha kwenye chumba kisicho na mtu, chumba kinabaki vile vile. Kazi yake ni kuondoa ule mvuke wa jasho unaoganda juu ya ngozi ili jasho jingine lipate kukauka, na kukauka kwa maji ndiko kunakobeba joto la mwili. Sasa mzee asiyetoa jasho vya kutosha, feni inampepea nini? Inapepea ngozi kavu. Mpe hilo jasho wewe mwenyewe: lowesha kanga kwa maji ya kawaida ya bomba, ikamue kidogo, mtande mabegani na kwenye mikono, kisha elekeza feni kwake. Ikikauka, ilowesheni tena. Utaona tofauti ndani ya dakika chache, naye ataiona. Miguu aitumbukize kwenye beseni la maji ya baridi ya kiasi. Chumba kikipita nyuzi 35, mwongozo wa afya wa huku unasema feni isitegemewe, kwa kuwa inaanza kumpulizia hewa ya moto kuliko ngozi yake. Hapo hamisha mtu.

Nimonia husababishwa na vimelea kwenye mapafu, siyo na maji ya baridi kwenye ngozi. Najua hofu hiyo ina mizizi mirefu na sitaki ugombane naye. Hahitaji barafu wala maji ya kumshtua, tena kwa mtu mwenye presha ningeyakataa mwenyewe. Maji ya bomba yaliyo baridi kidogo, kitambaa shingoni na usoni, kuoga maji yaliyopoa kabla ya kulala, vinatosha. Anza na miguu kwenye beseni. Wazee wengi wanaokataa kuoga hawakatai kuosha miguu, na miguu ikishapoa mara nyingi huomba wenyewe kitambaa.

Maji ya kunywa usimsihi kwa jumla jumla. Mwekee glasi mkononi kila saa, kidogo kidogo. Chai anayoipenda inahesabika, supu inahesabika, tikiti maji nalo pia. Angalia mkojo: ukiwa wa rangi ya majani makavu uko sawa, ukiwa mweusi mweusi na haba, hajanywa. Hapa inaingia dawa yake, na hili naomba ulifanye wiki hii, kabla joto halijarudi. Dawa ya kukojoza inamtoa maji ambayo joto nalo linamtoa, na baadhi ya dawa za presha hufanya presha ishuke mno akiwa amekauka, akainuka na kuanguka. Hiyo haimaanishi aziache. Kuziacha kienyeji kunaweza kumletea hatari kubwa kuliko joto lenyewe. Nenda kwa mfamasia au daktari wake na dawa zote mkononi, uliza: joto likija, kipimo kibadilike? Na aliwahi kuambiwa apunguze maji kwa sababu ya moyo? Kama aliwahi, yale ya glasi kila saa yasubiri jibu lao. Nyumbani, afundishwe kukaa ukingoni mwa kitanda dakika nzima kabla ya kusimama.

Sasa kiyoyozi. Kwa familia ya vijana watupu ningekuambia usihangaike. Kwa mama wa miaka 73 mwenye presha, juu kabisa, dirisha la magharibi, nadhani kina haki ya kununuliwa, ila ukijua unachonunua. Vile vya bomba moja hutoa hewa ya moto nje, na hewa hiyo lazima ifidiwe, kwa hiyo hewa nyingine ya moto inajipenyeza chini ya milango. Ukiliweka bomba dirishani bila kuziba pembeni, umenunua kelele. Kinahitaji kile kitambaa cha kuziba dirisha, na wewe hakikisha kwanza bomba litapita kwenye uwazi wa kiganja. Kinakula umeme wa kilowati moja hivi, yaani kwa bei za miaka ya karibuni robo pauni kwa kila saa. Usijaribu kupoza fleti. Chagua chumba cha mama, funga mlango, kishushe mpaka 25 au 26 saa chache kabla ya kulala, na siku hiyo wote mlale humo. Moyo ukipumzika usiku, mchana unastahimili mengi.

Kama pesa haipo, kuna dawa nyingine isiyopungua thamani: mtoe nyumbani mchana kwa muda wa saa mbili au tatu. Maktaba ya mtaa, makumbusho, kanisa kubwa la mawe, popote penye ubaridi na viti. Mkisafiri kwa treni za chini ya ardhi, zile za Metropolitan, District, Circle na Hammersmith & City zina kiyoyozi. Central na Bakerloo hazina, na siku ya joto sitaki mama awe humo.

Mtoto hatakushinda. Nepi peke yake inamtosha kulala, kitandani pasiwe na vitambaa vizito, feni isimwelekee usoni. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, na kwa umri wake anaweza kupewa maji kidogo katikati. Kigari chake usikifunike kwa kanga ili kumkinga na jua, hata iwe nyepesi. Hewa inasimama ndani na joto linapanda upesi sana. Tumia mwavuli.

Umeniuliza utajuaje hali imefika pabaya. Kichwa kinachouma, kizunguzungu, kichefuchefu, jasho la baridi, misuli kukaza, kukosa hamu ya kula: huo ni uchovu wa joto, na kwa maelezo yako mama aliufikia wiki ile. Hapo mlaze mahali pa baridi, inua miguu kidogo, vua nguo za ziada, kanga yenye maji na feni, anywe maji. Tazama saa. Nusu saa ikipita naye hajapata nafuu, piga 999, namba ya dharura. Usingoje hata hiyo nusu saa kama anachanganyikiwa, anaongea yasiyoeleweka, ngozi inawaka, anapumua haraka haraka, anatetemeka kwa degedege au haamki vizuri. Hicho ni kiharusi cha joto, kinaharibu ubongo na figo kwa dakika. Piga 999 kwanza, kisha endelea kumlowesha na kumpepea mpaka wafike. Aliyechanganyikiwa usimnyweshe, anaweza kupaliwa. Akizimia lakini anapumua, mlaze ubavu. Panadol isikupotezee muda: hushusha homa inayotokana na ugonjwa, joto la namna hii hailijui.

Kwa yale yasiyo ya dharura ila yanakutia wasiwasi, piga 111, namba ya ushauri wa afya. Na mwenye nyumba mwandikie, usimwambie kwa mdomo tu. Orodhesha tarehe, saa na namba za kipimajoto, taja umri wa mama na wa mtoto. Kanuni mpya za ujenzi za kuzuia nyumba kupata joto kupita kiasi, zilizoanza England Juni 2022, zinahusu nyumba mpya, kwa hiyo huenda yenu haimo. Lakini joto la kupindukia limo katika orodha ya hatari za makazi ambazo halmashauri inaweza kuja kuzikagua hata kwenye nyumba kongwe. Omba idara yao ya afya ya mazingira, ukiwa na ile karatasi yako ya namba. Kipimo cha 31 saa nne usiku ni ushahidi mzuri.

La mwisho ni kwa zile saa ambazo wewe uko kazini na mama yuko peke yake. Andika kwa herufi kubwa, ubandike karibu na simu: 999, anwani kamili na msimbo wa posta, majina ya dawa zake, namba yako. Chini yake andika neno moja la kutamka akipokelewa, "Swahili". Wanaweza kumtafutia mkalimani, kwa 999 na kwa 111 pia. Mfanyie mazoezi mara mbili tatu jioni moja mkiwa mmetulia, mpaka alitamke bila kusoma.